Kurasa Zilizokunjwa Pembe

Mzee Achiel Baeckelandt aliingia kituoni Ijumaa saa tatu kasorobo asubuhi, akavua kofia, akasema kwamba aliyemwiba njiwa wa Wilfried Lootens ni yeye, na kwamba angependa jambo hilo liishe kabla ya chakula cha mchana.

Inspekta Mieke Callewaert aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Umemwiba wewe?"

"Mimi. Kwani nani mwingine angeweza, binti Odiel?"

Binti Odiel! Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye cheo na bastola kiunoni, na kwa wazee wa kijiji cha Kruisdal bado alikuwa binti wa yule Odiel aliyerusha njiwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimvutia mzee kiti. Mzee alikipapasa mgongo kabla ya kukaa, akaweka kofia magotini, akamtazama. Tuseme alitazama karibu naye, kwenye sikio la kushoto hivi, kama mtu mwenye haya. Mieke alidhani ni haya kweli. Hata yeye alikuwa na zake.

Na tuziseme mapema, tusije tukaonekana tunamsitiri. Inspekta alikuwa ameweka yuro hamsini juu ya huyo huyo njiwa aliyeibwa. Aliziweka Jumanne, katika baa ya Marleen, ambako kila wiki ya msimu watu hutia pesa kubahatisha ni banda lipi kati ya matano ya kijiji njiwa wake atatangulia kutua kutoka Ufaransa. Kanuni za kazi zilimtaka amwambie mkuu wake ili faili apewe mtu mwingine. Hakusema. Angesemaje? Kwamba askari mwenye miaka ishirini na saba kazini hupeleka mshahara wake baa kwa sababu mzee mmoja ametazama jicho la ndege?

Kubahatisha ni neno langu mimi. Wenyewe Kruisdal wangekasirika kulisikia, maana wao walikuwa na Achiel. Kila Jumapili mzee huyu alizunguka mabanda yote matano na lensi yake ya sonara. Alimshika njiwa, akamfungua bawa, kisha akaweka lensi juu ya jicho na kulisoma: rangi ya chungwa, duara la kijani, weusi wa mboni unavyojikunja. Halafu alitamka, na kijiji kikaenda kwa Marleen. Wiki hii alikuwa amemtamka njiwa wa Wilfried mwenye pete namba 318 kwa mbio za kutoka Argenton, Ufaransa, na alitamka kwa kishindo kwa sababu alikuwa amepata wiki tatu mfululizo. Akazidi kujitia makuu. Mnunuzi wa Taiwan alikuwa amemwahidi Wilfried yuro elfu arobaini kwa njiwa huyo, jibu litolewe Jumatatu, na mzee akasema usiuze, ngoja arudi kutoka Argenton, utapata mara mbili. Wilfried, fundi vigae mwenye mgongo uliokwisha, alimsikiliza akangoja.

Jumatano jioni 318 akatoweka. Kati ya madume ishirini na wanne wa kijivu, wanaofanana kama punje za mbaazi, mwizi alikuwa amemchukua mmoja tu, na alikuwa ndiye.

"Haya, nieleze," Mieke alisema, vidole vikiwa kwenye kompyuta.

"Niliingia kwa ufunguo wa chini ya chungu cha maua. Wilfried alikuwa kwa Marleen."

"Lile banda limezibwa madirisha. Giza tupu. Ulimjuaje?"

"Kwa jicho. Nilikuwa na tochi."

"Tochi, lensi na njiwa. Hiyo mikono mingapi, mzee?"

"Tochi niliishika kwa meno."

"Meno yako?"

"Ya daktari. Lakini nimeyalipia."

Mieke alijizuia kucheka. "Na kwa nini umwibe njiwa uliyemsifu mwenyewe?"

"Nilikuja kuona nimekosea. Jicho halikuwa zuri kama nilivyosema. Nikaogopa aibu."

"Yuko wapi sasa?"

"Nilimnyonga. Nikamtupa mtoni Schelde."

Alilisema hilo haraka mno, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mieke aliandika. Wafuga njiwa hunyonga njiwa, hilo si siri. Wanaochelewa kurudi huishia kwenye supu. Lakini kumnyonga bingwa? Baba yake Odiel aliwahi kumlilia njiwa mmoja kwa siku mbili, na mkewe alipofariki alilia moja.

Alichapa karatasi ya maelezo na kumkabidhi mzee aisome. Achiel aliishika mbali na uso, akazungusha kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akafika chini.

"Sawa kabisa."

Akatia sahihi. Sahihi ilipanda juu ya mistari miwili ya mwisho.

Mzee alipotoka kwenda kukaa kwenye benchi, Mieke aliisoma tena ile karatasi, na hapo akajipiga paji la uso. Alikuwa amekosea. Mara tatu nzima alikuwa ameandika pete namba 381 badala ya 318. Alitaka kuisahihisha, mkono ukasita. Ukimwita mfuga njiwa wa huku mbwa, atacheka na kukununulia bia. Ukikosea namba ya pete ya njiwa, hamtasemeshana mwaka mzima. Na Achiel, mfalme wao wote, alikuwa ameisoma 381 mara tatu akasema sawa kabisa.

*

"Umemfunga?" Wilfried aliuliza Mieke alipofika kwake, kabla mlango wa gari haujafungwa; habari zilikuwa zimemtangulia inspekta.

"Amekaa kwenye benchi, anakunywa kahawa."

"Kahawa! Ananiibia njiwa wa elfu arobaini, nyinyi mnampa kahawa! Na biskuti mmempa?"

"Moja."

"Ala! Za mwizi arobaini, Mieke, lakini kwenu mwizi anaongezewa na biskuti." Wilfried alishika kiuno na kuketi juu ya ndoo. Macho yalikuwa mekundu. "Vikapu vya kupeleka njiwa Argenton vinafungwa saa moja jioni. Asipokuwemo, basi."

"Asipokuwemo, pesa za watu waliozitia zinakuwaje?"

"Unauliza kama hujui." Mieke aliona joto likimpanda shingoni. Wilfried hakuwa na nia mbaya, akaendelea. "Njiwa aliyetajwa asipoingia kikapuni, Marleen anarudisha kila senti. Neno la mzee linahesabiwa kuwa halikusemwa. Ndiyo sheria tangu enzi za baba zetu."

"Kwa hiyo kama alikuwa anakosea, asingeumbuka."

"Nani akosee?"

"Achiel."

"Achiel hakosei," alisema Wilfried, hata sasa, hata akiamini mzee ndiye mwizi wake.

Mieke aliomba aingie bandani. Madume walikuwa kila mmoja katika kichumba chake cha mbao ukutani, wametengwa na majike wao tangu Jumapili. Huo ndio mtindo wa ujane: dume hamwoni mkewe wiki nzima, na Jumamosi hurudi mbio kumfuata.

"Ukiwaachia nje wakarudi, wanachanganya vyumba?"

"Hata siku moja. Ni kama waume wa Kruisdal, ila hawa hawakosei mlango."

"Na cha 318?"

"Safu ya pili, cha tatu kutoka mlangoni."

Kilikuwa kitupu. Mieke alikitazama. "Basi mwizi hakuhitaji jicho wala namba, Wilfried. Alihitaji kujua kichumba tu. Nani anakijua?"

"Mimi. Mke wangu hakanyagi humu, anasema pananuka."

"Jumapili, Achiel alipomaliza kumtazama, nani alimrudisha ndani?"

"Simonne, mkewe. Siku hizi ndiye anayemshikia na kumrudishia. Mzee magoti yanamsumbua."

"Siku hizi tangu lini?"

Wilfried alikuna kichwa. "Mwaka jana. Hapana, mwaka juzi."

Magoti hayo yanayosumbua yalikuwa yametembea kilomita mbili asubuhi ile kuja kituoni. Mieke hakulisema. Alinyoosha kidole kwenye kona, ambako njiwa mmoja wa kijivu mwenye kipaku cheupe usoni alikuwa amevimba kifua peke yake.

"Na huyu?"

"Huyo Mcheshi. Hafai kitu, namweka kwa ajili ya kicheko. Mtazame macho."

Macho ya Mcheshi yalikuwa meusi tii, hayana rangi wala duara, mithili ya buni mbili za kahawa.

"Macho ya ng'ombe," Wilfried alisema. "Mzee Achiel alipomwona akiwa kinda alicheka mpaka akakaa chini."

"Niazime kwa saa moja."

*

Aliweka kikapu juu ya meza na kufunga mlango wa chumba. Angependa asifanye alichokuwa anataka kufanya.

"Mzee, nina njiwa hapa. Hebu nisomee."

"Sasa hivi?"

"Umesema 318 ulimjua kwa jicho, gizani. Hapa pana mwanga."

Achiel alinyoosha mikono, na mikono ile ilikuwa hodari bado. Njiwa alitulia humo mara moja. "Dume. Miaka mitatu, labda minne. Mgongo imara. Manyoya manne ya bawa ameshayabadilisha." Alimpima uzito kwenye kiganja. "Huyu anapenda kula kuliko kuruka."

"Yote kweli. Na jicho?"

Mzee alitoa lensi mfukoni, akaiweka mahali pake, akaguna kwa pua vile vile anavyoguna Jumapili, mguno ambao wanaume wazima hushusha pumzi wakiusikia.

"Rangi ya chungwa, imekolea. Duara la kijani limekatika upande wa mdomo. Njiwa wa jua kali huyu. Kwenye upepo usimtegemee."

Mieke alilitazama jicho jeusi la Mcheshi, kisha akamtazama mzee aliyelitazama sikio lake. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani mshukiwa awe mwongo wa kawaida.

"Mzee Achiel. Huyo ni Mcheshi."

Mzee aliishusha lensi, akaigusa meza kwanza apate kuhakikisha ipo, akaiweka juu yake.

"Katikati pamekufa," alisema. "Pembeni naona. Nywele zako naziona, na sikio. Uso wako ni tundu."

"Tangu lini?"

"Misimu miwili. Daktari amesema hakuna dawa."

"Na kijiji kizima kinatia pesa juu ya..."

"Najua!" Mcheshi alishtuka mikononi mwake, akamtuliza kwa kidole gumba. "Unadhani sijui? Kila Jumapili naweka lensi naona ukungu, na wao wamenizunguka, hata hawakohoi. Nawataja tu, yeyote anayekuja mdomoni. Naona aibu. Niandike mwizi, binti Odiel. Mwizi watamsema wiki mbili, watachoka. Lakini ile misimu sita ya mwanzo, nilipoanza daftari langu la matokeo, nilikuwa naona. Naona kweli! Ukiwaambia mimi kipofu, na ile watainyang'anya. Usiniharibie hiyo."

"Mzee, hujamwiba njiwa yeyote. Usingeweza."

"Nimekiri. Una sahihi yangu."

"Nina sahihi yako chini ya namba ya njiwa mwingine. Simonne anajua kuhusu macho?"

"Simonne hahusiki na lolote!"

Lilikuwa jibu la swali ambalo Mieke alikuwa bado hajauliza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba ile ilikuwa inapika mchana huo, kilomita mbili kutoka pale. Alichukua funguo za gari, na mzee akairudisha lensi mfukoni.

*

Banda la akina Baeckelandt lilikuwa tupu tangu mwaka juzi. Mzee alikuwa amewauza wote na kutangaza kwamba vumbi la manyoya limemharibu mapafu, na watu walimhurumia. Mieke alipita uani akimshika mzee kiwiko, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia.

Chini ya bomba palikuwa na beseni la bluu, na juu ya maji yake ulikuwa umetanda utando mweupe mwembamba, kama unga uliopulizwa. Hakuna mtu aliyekulia kwenye banda asiyeujua utando ule. Njiwa mwenye afya akioga huacha poda yake juu ya maji. Mgonjwa haachi. Aliyeoga humu alikuwa na afya njema kabisa.

Simonne alitokea jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye aproni yenye madoa ya nyanya, na harufu ya supu na vinundu vya nyama ilimfuata nyuma. Alimwona mumewe, akamwona inspekta, akaona wanachokitazama.

"Mama Simonne, nani ameoga hapa?"

Simonne alilitazama beseni. "Nilisahau kumwaga," alisema.

"Kwa nini ulimwogesha? Si ulimchukua ili asiruke?"

"Jana ilikuwa Alhamisi." Aliufuta mwiko kwa aproni. "Njiwa asipooga Alhamisi, Jumamosi anaruka mzito. Nilimwekea maji kabla hata sijafikiri. Miaka arobaini na minne nimewawekea maji Alhamisi. Mazoea, mwanangu. Lo, mazoea yataniua."

318 alikuwa nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya kikapu cha kusafirishia paka, ameshiba mahindi na amependeza. Mieke alimkuta na pete yake mguuni, akaisoma namba kwa sauti, na safari hii hakukosea.

Walikaa jikoni. Simonne alieleza akiwa amesimama, maana alisema akikaa atalia. Mzee akikosea Jumamosi nyingine, watu hupoteza pesa ya bia mbili tatu, yakaisha. Lakini safari hii mumewe alikuwa amemzuia mtu asiuze njiwa wa elfu arobaini, kwa neno la jicho ambalo hakuliona. Vipi akikamatwa na kipanga? Vipi akirudi katika nafasi ya mia mbili? Mtaiwan angeondoka, na Wilfried angebaki na mgongo wake na vigae vyake. Kama 318 haingii kikapuni, neno limefutika. Jumapili alfajiri angemrudisha kichumbani, Jumatatu Wilfried angeuza.

"Mimi nilimsikia njiwa akilia kwa koo tangu Jumatano usiku," Achiel alisema. "Nikajua."

"Na ukanyamaza?" Simonne alimwuliza.

"Na wewe ulikuwa umenyamaza."

"Ningekwambia nini? Kwamba nina haya kwa ajili yako? Ulikuwa na za kukutosha."

Simonne alienda kumpigia Wilfried simu kwenye ukumbi, na Mieke akaomba lile daftari, maana faili lilihitaji sababu na sababu ilikuwa humo. Lilikuwa nene, la jalada gumu, ukurasa mmoja kwa kila wiki ya mbio. Mwanzoni aliandika Achiel mwenyewe, kwa kalamu ya wino aliyoikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Kisha, ghafla, penseli nyepesi ya Simonne. Baadhi ya kurasa zilikuwa zimekunjwa pembe ya juu.

"Hizo ni tulizopata," mzee alieleza akisikia kurasa zikifunuliwa. "Tulikunja ili mtu akija, nimwonyeshe haraka."

"Na ambazo hukupata?"

"Zina maelezo yake."

Kweli zilikuwa nayo. Upepo wa kaskazini mashariki. Jua kali. Njiwa alimsikitikia mkewe. Kipanga. Ukungu Paris. Kila ukurasa ambao haukukunjwa ulikuwa na kisingizio chake, na Mieke alivikumbuka, alikuwa amevisikia vyote kwa Marleen akitikisa kichwa kukubali, pesa zikiwa zimeshakwenda.

Alihesabu. Misimu sita ya kalamu ya wino, kurasa mia moja thelathini na mbili, zilizokunjwa ishirini na tisa. Misimu ya penseli, kurasa arobaini na moja, zilizokunjwa tisa. Alihesabu tena. Alifanya mgawanyo kwenye kona ya gazeti, na majibu yakatoka yale yale. Mara moja katika kila tano, mzee akiwa na macho. Mara moja katika kila tano, mzee akiwa hana. Na Kruisdal ina mabanda matano. Hata mtoto angefumba macho akanyoosha kidole angefika hapo hapo.

Aibu iliyomshika Mieke ilikuwa ya mwili, masikio yaliwaka. Misimu minane! Na yeye ndiye aliyefundishwa kutoamini ushahidi wa mtu mmoja.

"Umemaliza?" Achiel aliuliza.

"Nimemaliza."

"Nisomee. Nataka kujua nimewadanganya watu kiasi gani. Nilipokuwa naona nilipata ngapi, na tangu niache kuona ngapi."

Simonne alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Alitikisa kichwa kwa nguvu, mara mbili. Mumewe hakuweza kuona. Alijua, huyu mama, alijua tangu zamani, penseli ilikuwa mkononi mwake.

Mieke aliuvaa ule uso wake wa kazi.

"Zimepungua, mzee."

"Sana?"

"Sana. Hata nusu hazifiki."

Mzee alishusha pumzi. Kulikuwa na huzuni, lakini kulikuwa na kitu kingine pia, mtu angesema ni nafuu. "Basi nilikuwa naona," alisema. "Nimewadhulumu misimu miwili, hiyo nitaibeba. Lakini nilikuwa naona." Akanyoosha mkono. "Nipe daftari langu."

"Litakuwa ushahidi, mzee, afadhali..."

"Nipe."

Alimpa. Achiel alilisimamisha juu ya meza, akanyoosha kidole gumba, akakipitisha juu ya pembe za kurasa taratibu, kama anavyopima manyoya ya bawa. Mkunjo. Kurasa nzima nne. Mkunjo. Nzima sita. Mkunjo, mkunjo. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Mahali fulani alisimama, akapapasa ndani ya ukurasa, akatafuta mbonyeo wa kalamu yake, akaukosa: penseli inaanzia hapa. Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akarudi mwanzo, akapitisha tena.

"Mikono yangu haijapofuka, binti Odiel," alisema.

Alikuwa amemdanganya kipofu mezani kwake, na kipofu alikuwa amemkamata.

"Hapa kwetu kuna mabanda mangapi yanayorusha?" mzee aliuliza, naye alijua kuliko yeyote. Akajijibu mwenyewe. "Matano."

Alilifunga daftari. Alionekana mdogo ndani ya koti lake. Simonne aliweka mkono begani kwake na mzee hakuutoa, ila alikuwa amegeuza uso ukutani, mahali ambapo watu hawakumwona vizuri.

*

Wilfried aliingia bila kubisha, mgongo au si mgongo. Alimtoa 318 kwenye kikapu cha paka, akambusu kichwani, akamkagua mabawa, akacheka na kufuta machozi kwa pamoja. Mieke alimweleza kwa kifupi kwamba aliyemchukua ni Simonne, kwamba alikusudia kumrudisha Jumapili, na kwamba yeye Wilfried ana haki ya kushtaki.

"Kumshtaki Simonne? Aliyemwogesha?" Wilfried alipeperusha mkono. "Faili lichane. Saa ni kumi na moja, tuna saa mbili. Mzee, tusigombane, mimi nilikutukana sana tangu asubuhi, nisamehe. Hebu mtazame jicho mara moja ya mwisho. Nimpeleke kikapuni au nimuuze?"

Akamweka 318 mikononi mwa Achiel.

Mzee alikaa na njiwa yule. Kwenye mfuko wa koti lensi ilionekana imetuna. Neno moja lilitosha, uza, na Wilfried angeokoka, na jina la Achiel lingelala salama.

"Sitazami," mzee alisema. "Mimi ni kipofu, Wilfried. Huu msimu wa pili siioni hata pete. Na nilipokuwa naona sikuwa naona kitu. Liko humu daftarini, hesabu mwenyewe. Sina ninachojua. Sijawahi kujua. Muuze njiwa wako."

Alisema yote kwa sauti ya kawaida. Mashavu yalikuwa yamemwiva mpaka masikioni, ila alisema yote, mbele ya mtu ambaye kabla ya saa moja jioni angekuwa amekieleza kijiji kizima.

Wilfried alimtazama Simonne, akamtazama inspekta, akaona ni kweli. Alivuta kiti na kukaa. Alifikiri, mikono katikati ya magoti, na alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Lakini ulipata wiki tatu mfululizo," alisema. "Bila macho!"

"Wilfried..."

"Bila macho, mzee! Basi haikuwa macho kamwe. Ni mikono." Alisogea karibu, sauti imeshuka. "Siku zote ilikuwa mikono. Na sisi wajinga tunatazama lensi! Haya, mshike. Mshike tu, polepole. Mikono inasemaje?"

"Acha, Achiel," Simonne alisema.

Mzee alitikisa kichwa kukataa. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaingia chini ya bawa, vyenyewe, vikilifungua unyoya mmoja baada ya mwingine, na alikuwa ameanza kuguna kwa pua.

Mieke aliijua hesabu. Alikuwa ameipiga mwenyewe mara mbili, ilikuwa pale kwenye kona ya gazeti, mbele yake. Ilikuwa kazi yake kuisema, tena kwa sauti. Badala yake aligundua kwamba amevuta kiti chake mbele, ili asikie vizuri.